Bob Moja kwa Dakika

Kuna saiba karibu na stegi ya Waithaka, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la chakula cha kuku. Ukutani pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: dakika moja, bob moja. Kuprinti, bob kumi. Kwenye kona ya kila skrini kuna kisanduku kidogo kinachohesabu pesa yako ikipanda. Ukikaa tu ukiangalia ukuta, kinahesabu. Ukurasa ukikataa kufunguka, kinahesabu.

Jioni moja mwaka jana nilikuwa hapo nikingoja kuskani vyeti. Mashine iliyokuwa kando yangu ilikuwa na mama mmoja na bintiye aliyekuwa amemaliza Form Four. Walikuwa wanajaza fomu ya ufadhili wa masomo, na mwisho wa kutuma ilikuwa saa sita usiku huohuo. Fomu ilikuwa na kurasa saba. Kila wakibonyeza "Endelea", kale kaduara kanaanza kuzunguka, na msichana anaondoa mkono kwa mausi kana kwamba ataikasirisha.

Mama akamwita kijana wa saiba.

"Kijana wangu, hii pesa inahesabika hata kama haijafunguka?"

"Eeh mathe, inahesabika tu."

"Sasa mimi nalipa kungoja?"

Kijana akakuna kichwa. "Pole mathe. Ni mtandao."

Walipofika ukurasa wa tano, wakaweka picha ya kitambulisho, wakabonyeza, wakangoja, halafu tovuti ikawarudisha mwanzo kabisa: muda wako umeisha, tafadhali ingia upya. Kisanduku kilikuwa kimefika bob 84. Ilikuwa inakaribia saa tatu, saa ya kufunga. Mama akalipa na noti ya soo, akachukua chenji, akamwambia msichana, "Twende tujaribu na simu ya auntie yako." Wakashuka ngazi. Sijui kama walifaulu.

Kesho yake asubuhi nikachukua anwani ya ile tovuti nikaiweka kwenye PageSpeed Insights, kile chombo cha Google cha kupima kasi ya kurasa. Ikazunguka kidogo, ikaniletea jibu ndani ya duara la kijani: 94 kwa 100. Nilicheka. Halafu nikaudhika, na bado nimeudhika.

Jarida kama hili huhakiki vitabu, filamu na ngoma. Leo nataka kuhakiki hiyo 94. Naisoma kama maandishi mengine yoyote: nani ameiandika, inasimulia habari za nani, na nani ameachwa nje ya hadithi.

Tuanze na mhusika mkuu. Wengi tunadhani chombo kinachopima tovuti huenda kikaangalia hali halisi halafu kikarudi na ripoti. Ile alama ya 0 hadi 100 haitoki huko. Inatoka kwa programu iitwayo Lighthouse, ambayo hufungua ukurasa kwenye mashine iliyo ndani ya kituo cha data na kujifanya mtu fulani. Mtu huyo amebuniwa kwa makini. Anashika simu aina ya Moto G Power, simu ambayo sijawahi kuiona mkononi mwa mtu yeyote kwenye mathree ya Naivasha Road. Mtandao wake ni wa megabiti 1.6 kwa sekunde. Ujumbe wake huchukua milisekunde 150 kwenda kwa seva na kurudi. Kasi ya kichakato chake imegawanywa kwa nne ili kuiga simu ya bei ya kawaida. Baada ya hapo programu inampigia huyu mtu saa: maandishi ya kwanza yametokea lini, kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kimetokea lini, skrini imeganda kwa muda gani. Alama ikifika 90 unapata kijani. Kati ya 50 na 89 ni rangi ya chungwa. Chini ya hapo ni nyekundu.

Nampa mwandishi sifa zake. Kabla ya Lighthouse kutoka 2016, wasanidi wengi walikuwa wanapima tovuti kwa laptop zao wenyewe, wamekaa mita mbili kutoka kwa wifi ya ofisi. Angalau huyu mhusika ana simu ya kawaida na mtandao wa kubana. Kuna mtu alikaa chini akafikiria kwamba si kila mtu ana iPhone mpya.

Lakini huyu mhusika hana historia wala haja. Anafika kwenye ukurasa mmoja tu, ule uliompa anwani yake, na kwa kawaida huo ni ukurasa wa mbele. Hajui neno la siri. Hajaingia ndani, hajafika ukurasa wa tano, hajaweka picha ya kitambulisho. Pia alikuja saa nne asubuhi, seva ikiwa imetulia, wakati yule mama alikuja jioni ya mwisho pamoja na kila mtu mwingine aliyekuwa anatafuta karo. 94 ni alama ya mlango. Hakuna aliyepima vyumba.

Kuna namba ya pili, na wanaoijua watakuwa wameshaanza kunipinga. Watasema, achana na mhusika wa kubuni, angalia data ya watu halisi. Ni kweli ipo. Tangu 2017 Google hukusanya vipimo kutoka kwa watumiaji wa Chrome waliokubali kutuma takwimu zao. Kipimo kinachotajwa sana ni muda wa kitu kikubwa zaidi kutokea kwenye skrini, na kinatakiwa kisizidi sekunde 2.5. Hawatumii wastani. Wanapanga ziara zote kuanzia ya haraka hadi ya polepole, wanatembea mpaka robo tatu ya foleni, wanauliza: huyu hapa alingoja muda gani? Akiwa chini ya sekunde 2.5, tovuti imepita.

Soma hiyo tena. Robo ya mwisho ya foleni inaweza kungoja sekunde kumi, sekunde arobaini, dakika mbili, na tovuti bado imepita. Sasa fikiria ni nani anayesimama kwenye hiyo robo. Halafu namba yenyewe inachanganya siku 28 pamoja, kwa hiyo usiku wa mwisho wa kutuma fomu unamiminwa kwenye ndoo moja na siku 27 ambazo mambo yalikuwa shwari.

Na foleni yenyewe si ya watu wote. Iko na Chrome ya kompyuta na Chrome ya Android peke yake. Anayetumia Opera Mini kwa sababu inabana kurasa na kumwokolea bando, hayuko. Anayefungua linki ndani ya programu ya mitandao ya kijamii mara nyingi hayuko. Na aliyeona skrini nyeupe, akangoja, akakata tamaa kabla chochote hakijachorwa, hawezi kuwa na muda wa kitu kilichotokea, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Hahesabiwi kama mtu aliyengoja sana. Hahesabiwi hata kidogo.

Mfano wa hili unaonishika zaidi ulitoka ndani ya Google yenyewe. Mnamo 2009 mhandisi wa YouTube aitwaye Chris Zacharias aliona ukurasa wa kutazama video umenenepa hadi megabaiti 1.2, kabla hata ya video yenyewe kuanza. Akaamua kuukata uwe chini ya kilobaiti 100. Mradi ukaitwa Feather, yaani unyoya. Alipoujaribisha kwa watumiaji halisi, majibu yalirudi kinyume: wastani wa muda wa kufunguka ulikuwa umepanda. Ukurasa mwepesi mara kumi na mbili, na namba zinasema uko polepole zaidi.

Alieleza baadaye, katika insha ya 2012, jinsi kitendawili kilivyoteguka. Walipopanga data kwa ramani waliona watu wengi wapya kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika Kusini, Afrika na Siberia. Kwa mtandao wao, ukurasa wa zamani ungechukua zaidi ya dakika 20, kwa hiyo hawakuwa wanautumia. Ukurasa mpya uliwachukua kama dakika mbili, na dakika mbili waliweza kuvumilia. Wakaingia, wakahesabiwa, wakaharibu wastani.

Fikiria kama asingeangalia ramani. Angeona namba imepanda, angeandika kwamba jaribio limeshindwa, na wale watu wangefungiwa nje tena na grafu ikarudi kupendeza. Kwa hiyo tovuti ikijisifu kwamba iko na kasi nzuri Kenya, swali langu la kwanza siku hizi ni kwamba nani alishafukuzwa ndio hiyo namba ikatoka safi hivyo.

Kuna mtu atasema, kama kijana wa saiba, kwamba ni mtandao tu, na mtandao wa huku ndio huo. Hapa historia inasaidia, kwa sababu "mtandao" si hali ya hewa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi nyingine upande wa pili wa barabara ingeweza kupanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Mwishoni mwa 2000 kampuni za intaneti za hapa zilianzisha KIXP, mahali pa kubadilishana trafiki ndani ya nchi ili ya Nairobi ibaki Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati huo, ikalalamika, na baada ya wiki chache mdhibiti akaamuru KIXP ifungwe. Ilifunguliwa tena Februari 2002. Ukurasa uliochelewa katika hiyo miezi kumi na kitu katikati ulichelewa kwa amri, iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Halafu 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, TEAMS na SEACOM, na tukaachana na setilaiti. Hizo nyaya nazo hukatika: 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja na Afrika Mashariki nzima ikasikia. Na hata zikiwa nzima, umbali bado upo. Tovuti ikiwekwa kwenye seva ya mashariki mwa Marekani, kwenda na kurudi kutoka Nairobi ni karibu robo sekunde, na kabla herufi ya kwanza haijafika simu imeshaenda na kurudi mara kadhaa: kuuliza anwani, kusalimiana na seva, kukubaliana juu ya usalama, kisha kuomba ukurasa. Ni mtu wa ofisi aliyechagua seva iwe huko. Ni mtu wa ofisi aliyeweka picha ya waziri ya megabaiti tatu juu ya fomu. Ni mtu wa ofisi aliyeamua kwamba dakika chache za ukimya zinatosha kumrudisha mama mwanzo. Tukisema "ni mtandao" tunawasamehe wote kwa mpigo.

Na kwa nini wasisahihishe? Hapa ndipo naona udhaifu mkubwa zaidi wa hizi namba, na unatokana na sababu ya kuzaliwa kwake. Tangu mwanzo kasi ya kurasa imetetewa kwa lugha ya duka. Greg Linden, aliyewahi kufanya kazi Amazon, alieleza 2006 jinsi majaribio ya kuchelewesha kurasa kwa vipande vya milisekunde 100 tu yalivyopunguza mauzo. Miaka kumi baadaye Google ikatangaza kwamba zaidi ya nusu ya ziara za simu huachwa ukurasa ukizidi sekunde tatu. Hoja ni moja: ukichelewa, mteja ataenda kwa jirani. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wenye maduka wapime.

Sasa mwambie yule mama aende kwa jirani. Nani mwingine anatoa ule ufadhili? Tarehe 30 Juni 2023 Rais Ruto alizindua Gava Mkononi pale KICC, huduma za serikali zaidi ya 5,000 kupitia eCitizen. Kabla ya Julai kuisha, shambulio la mtandaoni likavuruga huduma hizo, na nchi ikajifunza ni mambo mangapi yanapita kwenye mlango mmoja. Leseni, pasipoti, vyeti. Kwa mlango wa aina hiyo hakuna jirani. Mtu hataondoka baada ya sekunde tatu, atakaa. Atakaa saa nzima na kulipa kwa dakika. Kwenye takwimu za duka, mtu anayekaa ni mteja aliyeridhika. Saiba pekee ndiyo inayomhesabu sawasawa.

Ndio maana nasema kale kasanduku ka kona ya skrini ni chombo bora cha kupima kuliko kile chenye duara la kijani. Kanaanza kuhesabu mtu anapokaa, hakajali ukurasa umefunguka au la. Kanapima kazi yote tangu mlangoni hadi risiti, pamoja na kurudishwa mwanzo. Hakafuti aliyeshindwa, kwa kuwa aliyeshindwa pia hulipa. Na jibu lake linakuja kwa shilingi, lugha ambayo mtu wa Waithaka hahitaji kutafsiriwa. Msanidi wa Marekani, Tim Kadlec, alifikiria kitu cha karibu 2015 alipotengeneza chombo cha kuonyesha ukurasa mmoja unagharimu pesa ngapi za data katika nchi mbalimbali. Ni wazo zuri. Kijana wa saiba alikuwa amelibandika ukutani.

Ningeweza kuishia hapo, tukiwa tumewasuta watu wa serikali na watu wa Google, sisi wa fasihi tukiwa safi. Lakini nilijaribu kitu kingine. Insha hii unayoisoma ina maneno kama 2,000. Kama maandishi matupu, ni kilobaiti 14 hivi. Kwa ule mtandao wa mhusika wa kubuni, wa megabiti 1.6, maneno yote haya yangepita chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukurasa wa kawaida wa tovuti siku hizi una zaidi ya megabaiti 2, na kwa mtandao huohuo hizo ni sekunde kumi. Yaani zaidi ya asilimia 99 ya mzigo si insha. Ni picha ya juu, fonti nne, vifuatiliaji, kile kidirisha kinachokuomba barua pepe kabla hujasoma sentensi moja.

Majarida yetu ya mtandaoni yanapenda sana kuongea juu ya wasomaji wa mtaani. Nimefungua kadhaa kwa simu ya elfu nane nikiwa Kabiria, bando ya mbao, saa mbili usiku wakati kila mtu amerudi nyumbani na mnara umelemewa. Hadithi nzuri, zimefungwa ndani ya sanduku zito. Unangoja picha ya mwandishi akiangalia pembeni. Maandishi yanatokea, unaanza kusoma, halafu tangazo linaingia juu na kila kitu kinaruka chini, unapoteza mstari. Mwisho unafunga. Mhariri atasema vijana hawasomi.

Tukumbuke tumetoka wapi. "Discovering Home" ya Binyavanga Wainaina, iliyoshinda Tuzo ya Caine 2002, ilichapishwa kwenye jarida la mtandaoni, G21Net, wakati ambapo kwa wengi hapa intaneti ilikuwa ni laini ya simu na saiba ya kulipia dakika. Maneno ni mepesi. Yalipita kwenye waya mwembamba kuliko wowote tulio nao leo.

Sisemi tuache kupima. Nataka tupime kama watu walio na deni kwa msomaji. Kama wewe ni devo, usinionyeshe 94 ya ukurasa wa mbele. Nionyeshe ni wangapi walianza fomu na wangapi walipata risiti, na usiku wa mwisho uutenge peke yake, usiuchanganye na mwezi mzima. Nionyeshe yule wa mwisho kwenye foleni. Zima wifi ya ofisi, nunua bando ya mbao, panda gari hadi Waithaka jioni, kaa kwa ile mashine ya pili kutoka dirishani na ujaze fomu yako mwenyewe hadi mwisho, na kitambulisho ukiskani. Lipa utakachodaiwa.

Na kama wewe ni msomaji, tufanyie kitu kimoja. Kopa simu ya mathe wako au ya mlinzi wa ploti, fungua ukurasa huu ukitumia data, uanze kuhesabu polepole. Ukifika kumi kabla hujaona jina la saiba wala bei yake ukutani, tuandikie utuambie umefika ngapi, na uko wapi. Nimeshawaambia wahariri hizo namba wazichapishe hapahapa chini ya insha, hata zikiwa za aibu.